Sinki la Chumba Namba Saba

Haya nimeyapata kwa Hortense mwenyewe, jirani yangu wa ghorofa ya pili. Alinihadithia Jumamosi moja ya mwezi wa pili, tuko katika chumba cha kufulia chini ya jengo letu mtaani Hjulsta, huku Uswidi, mtoto yuko mgongoni kwake, na barua ya uamuzi wa ustawi wa jamii aliyokuwa anaingoja ilikuwa bado haijaja. Hakulia. Alikuwa anakunja mashuka, na kila hasira ilipompanda shuka lilikunjwa vizuri zaidi.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya tatu tangu ajifungue. Nesi Felicia aliingia chumba namba saba cha wodi ya wazazi akisukuma mizani ya magurudumu. Akamvua mtoto kila kitu, hata nepi, akamlaza kwenye sahani ya plastiki. Sahani ilikuwa baridi. Mtoto, ambaye jina lake ni Heshima, akapiga kelele. Namba zikacheza, zikatulia.

"Gramu elfu tatu na hamsini," Felicia alisema, akapiga hesabu kwenye simu. "Alizaliwa na elfu tatu na mia nne. Amepungua zaidi ya asilimia kumi."

"Amekojoa," Hortense alisema. "Tangu alfajiri mara nne. Nepi zile pale, nimeziweka uzione."

"Vizuri sana." Hakuziangalia. "Lakini ikipita kumi, kanuni ya wodi ni nyongeza. Maziwa ya chupa, mililita thelathini kila baada ya kunyonya. Kidogo tu."

Kidogo tu. Maneno hayo Hortense alikuwa anayajua. Damas, mtoto wake wa kwanza, alipewa kidogo tu katika wodi hiyohiyo miaka mitano iliyopita, wakati Kiswidi cha mama yake kilikuwa cha ndiyo na asante. Damas akashiba chupa, akalala. Titi likangoja. Wiki ya tatu lilikuwa limekauka, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba wako wanawake wasio na maziwa, si kosa lao. Safari hii Hortense alikuwa amejiapiza: huyu atanyonya.

"Nilipokuwa na uchungu nilitundikiwa dripu tatu," alisema. "Maji yale yaliingia kwangu, yakaingia kwake, sasa anayakojoa. Mpimeni tena kesho. Na mniletee yule mama anayefundisha kunyonyesha."

"Anakuja Jumanne na Alhamisi."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa." Uso wa Felicia ukawa mwekundu kidogo. "Tuko wawili kwa akina mama kumi na wanane, Hortense. Saa nzima ya kukaa na wewe sina. Chupa ninazo."

Baadaye akaja daktari, kijana anaitwa Filip. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti.

"Sisi hatumlazimishi mtu," alisema. "Ni ushauri. Ukikataa, kazi yangu ni kuandika kwamba umekataa."

"Andika."

"Na mzazi akikataa huku mtoto anapungua, wako watu wengine ambao lazima wasome nilichoandika."

Aliyasema polepole, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya stesheni. Hakuwataja. Watu wa ustawi wa jamii, Hjulsta tunawaita soshi, na hakuna ngazi isiyo na mlango waliowahi kuugonga.

Mwamba, mumewe, ni dereva wa basi. Hortense alimpigia simu, naye yuko mwisho wa njia, Spånga, abiria wameshashuka.

"Kubali, Hortense. Nakuomba. Umeisahau ile familia ya ghorofa ya tano, walivyochukuliwa watoto?"

"Niko na maziwa, Mwamba. Yananilowesha nguo."

"Maziwa unayo wewe. Karatasi wanazo wao."

Basi akakubali. Felicia akaleta vichupa na karatasi yenye mistari: saa, titi, nyongeza, mkojo. Mama hujaza mwenyewe. Hortense akamnyonyesha Heshima titi la kulia, akamhamishia la kushoto, anasikia kabisa koo linavyomeza. Kisha akasimama, akafungua kichupa, akapima thelathini kwenye kikombe, akamwaga kwenye sinki, akafungulia maji. Kwenye karatasi akaandika: 30.

Alirudi kumtazama mtoto, midomo yake, ulimi wake, akahesabu nepi upya. Angeona dalili moja mbaya, angempa ile chupa kwa mkono wake mwenyewe. Hilo alinieleza mara mbili. Hakuiona. Mpaka kesho yake asubuhi alikuwa amemwaga vichupa vinane.

Jumamosi mapema aliingia Leokadia na ndoo yake. Ni Mtanzania mtu mzima, anasafisha wodi ile, ameajiriwa na kampuni ya usafi, si na hospitali. Akainamia sinki. Akapitisha kidole kwenye utando mweupe, akanusa.

"Mdogo wangu," alisema kwa Kiswahili bila kugeuka, "sinki lako linanyonya vizuri. Litanenepa hili."

Hortense akamvuta Heshima karibu.

"Usiogope, mimi langu kusugua. Wewe wa nne tangu Krismasi. La chumba namba mbili lilinyonya wiki nzima, wala halikucheua."

Hortense akacheka mpaka mshono ukamuuma. "Na hukuwaambia, yaya?" alimuuliza, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa.

"Nimwambie nani? Nikisema nimeona maziwa, nitaulizwa kwa nini sinki chafu."

Saa nne mizani ikarudi. Elfu tatu, mia moja na thelathini. Gramu themanini zimeongezeka. Felicia akapiga makofi. Filip naye akaja, akaichukua karatasi, akapitisha kidole kwenye zile thelathini, moja moja, hadi ya nane.

"Unaona?" alisema. "Nyongeza imefanya kazi. Mtaendelea nayo nyumbani wiki mbili."

Hortense akamfunga mtoto nepi. Hilo angelivumilia, nyumbani sinki ni lake.

"Nina ombi moja," Filip akaendelea. "Chumba namba tisa yuko mama kijana, anasema Kiswahili kama wewe. Anakataa. Nenda kwake ukamwonyeshe karatasi yako. Wewe atakusikiliza."

Akaenda, Heshima begani. Yule mama alikuwa Épiphanie, mzaliwa wa Uvira, miaka kumi na tisa, mtoto wa kwanza. Amekaa kitandani, amekikumbatia kifua kama kinataka kuibwa, na mtoto analia mapajani. Felicia akasimama mlangoni na kichupa. Filip nyuma yake.

"Yaya," Épiphanie alisema, "na weye umekuja kunishinda? Wanasema wako ameongezeka juu ya chupa, si juu ya titi. Ni kweli?"

Angeweza kujibu kwa Kiswahili, mambo yakaishia hapo. Hakuna ambaye angejua. Lakini Hortense ni mtu wa jiko la shule, huko Spånga. Kila siku watoto wakimaliza kula, yeye ndiye anayepima mabaki, viazi kwa samaki, na kuandika ubaoni: zimetupwa kilo kadhaa. Mkuu wa jiko angemfukuza kama angeandika zimeliwa.

"Si kweli, mdogo wangu," alisema kwa Kiswahili. Kisha akageuka, akasema kwa Kiswidi, kwa sauti ya kusikika koridoni: "Nilimwaga. Yote. Mtoto wangu hajaonja hata tone. Aliyekunywa ni sinki la chumba namba saba."

Felicia akamtazama Filip.

"Lakini umeandika thelathini," Filip alisema.

"Niliandika mlichotaka kusoma."

"Basi karatasi hii ni ya uongo."

"Na mizani ni ya uongo? Ameongezeka kwa nini, daktari? Kwa harufu?"

Épiphanie akacheka, akaziba mdomo. Filip hakucheka.

"Hilo sasa siwezi kulijua," alisema. "Ninachojua ni kwamba mama ametoa taarifa zisizo za kweli kuhusu chakula cha mtoto mchanga. Hapo sina hiari. Lazima niripoti."

"Ripoti. Na uandike na gramu themanini. Jikoni kwetu kikitupwa tunaandika kimetupwa. Hata kiazi."

Akamwomba Felicia kalamu. Akaiweka karatasi ukutani, akaikata thelathini ya kwanza, pembeni akaandika: sinki. Akaikata ya pili: sinki. Mpaka ya nane. Chini akaandika jina lake lote, na la baba yake.

Kisha akamlaza Heshima kwenye kitanda cha Épiphanie, akamgeuza yule mtoto mwingine tumbo kwa tumbo na mama yake.

"Mshike mgongo, si kichwa. Ngoja afumbue mdomo kama anapiga mwayo. Sasa!"

Mtoto akakamata titi. Kilio kikakatika. Somo zima halikufika dakika nne. Felicia aliyaona yote, na mtoto alipoliachia titi akakiweka kichupa mezani, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Kabla ya saa tisa jibu lilikuwa limefika. Soshi watakuja Jumatatu saa tatu asubuhi. Mpaka hapo mama na mtoto hawatoki wodini. Felicia akaja chumba namba saba na karatasi mpya, safi. Ile ya zamani, alisema, imechafuliwa, haiwezi kuingizwa kwenye kompyuta. Mstari wa kwanza ulikuwa umeshajazwa: saa tisa, nyongeza, 30.

"Samahani," alisema, macho sakafuni. "Na kuanzia sasa nitakaa hapa, nione akinywa."

Akavuta kiti.

"Ile saa nzima imepatikana?" Hortense aliuliza.

Felicia akakaa. Alikuwa zamu ya pili mfululizo, macho yamezama. Hortense akamweka Heshima titini, bila haraka. Akimaliza la kulia, la kushoto. Akimaliza la kushoto, la kulia. Saa tisa ikapita. Nje theluji ilikuwa inageuka buluu, jua limeshachoka. Kichwa cha Felicia kikainama, kikashtuka, kikainama tena, kikabaki huko. Kichupa kikalala mapajani mwake, kizibo hakijafunguliwa.

Heshima akaliachia titi, mdomo wazi, akasinzia.

Mezani ile 30 ilikuwa palepale. Hortense alinyoosha mkono kuifuata kalamu. Ilikuwa mfukoni mwa Felicia. Akaurudisha mkono, akamzungushia mtoto, akamkaza kama mtu anayesafiri kwa treni na mzigo wa thamani. Akayatazama yale magurudumu ya mizani pembeni mwa mlango mpaka manne yakawa manane, naye akalala.