Mgongo wa Mkunga

Miaka yote aliyozalisha wanawake, mkunga alikuwa na sheria moja: mzazi afunikwe kwanza, ndipo mlango ufunguliwe. Hata mume agonge kama polisi, atasubiri. Aliyoyaona kwenye vitanda vile yangewapa wapiga domo wa mtaa kazi ya maisha, lakini hakuna aliyewahi kumchimba akapata neno. Walimbandika jina la Mama Kufuli, naye alilipenda.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuvuliwa nguo mbele ya dunia nzima, na aliyemvua ni binti yake wa kumzaa.

Alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, akalazwa. Wodini magodoro yalikuwa yamechakaa kabisa, wagonjwa karibu wanalalia chuma, na wauguzi wachache mno kumgeuza mtu. Chini ya kiuno ngozi ikachubuka, ikawa kidonda cha kuingia ngumi ya mtoto. Binti yake, mwandishi wa mtandaoni mwenye wafuasi kibao, aliandika kuhusu wodi ile mara kadhaa. Watu wakapita kimya. Siku moja akambadilisha mama shuka, mama kageukia ukutani, akampiga picha. Mgongo wote, na kidonda, na makalio, na jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda.

Kufumba na kufumbua, picha ikaenea kila mahali. Wakubwa walikuja wodini wakitoka jasho, magodoro mapya yakashushwa, wauguzi wakaongezwa. Tuseme ukweli, picha ilifanya kazi. Hilo ndilo lililomkera mkunga kuliko yote, maana hakuwa na pa kulalamikia.

Alijua habari hizo akiwa amesharudi nyumbani. Jirani alikuja kumpa pole, na kabla hajakaa akasema, "Jamani, mgongo ule! Mimi nililia." Mkunga akauliza mgongo upi. Jirani, macho makavu, akatoa simu.

Binti aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake ameketi kitandani, hajala.

"Ifute."

"Mama, nikiifuta watasema nimetishwa. Watu wana haki ya kujua, na mimi nina haki ya kusema."

"Sema mpaka koo likauke. Mdomo ni wako. Mgongo ni wangu."

"Niliandika bila picha, nani alijali? Na wale wagonjwa wengine je?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana mtu huombwa."

Aliifuta, huku analia. Lakini ilikuwa imeshahamia kwenye simu za watu, na wengine, bila haya, walishaiandikia vichekesho. Miongoni mwa walioisambaza walikuwemo watoto ambao mkunga aliwapokea kwa mikono yake, akawafuta, akawafunga nguo wasipate baridi. Alipolisikia hilo alicheka, kicheko kibaya.

Tangu hapo binti hakumwosha tena. Mkunga alimwita muuguzi mstaafu, mwenzake wa zamani kazini, ndiye aje kumsafisha kidonda. Kazi ya binti ikawa kuchemsha maji, kuleta beseni hadi mlangoni, na kubisha.

Asubuhi moja muuguzi alipapasa pale chini ya kiuno, akacheka kwa furaha. Kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi imerudi. Nje ya mlango binti alikisikia kicheko.

"Mama," aliita, "kimepona?"

Mkunga alimwonea huruma mwanawe. Alimpenda, na hasira ilikuwa haijamtoka hata chembe. Muuguzi alimkonyeza, kama kumwambia, mjibu basi, mtoto wako huyo. Neno "ndiyo" tu lingetosha. Mkunga akajivutia shuka hadi mabegani.

"Picha si zipo?" akasema. "Katazame huko."