Vidude vya Profesa wa Masikio

Watu wa maabara ile walikuwa na ugonjwa mmoja: kujipigia makofi. Mwalimu mstaafu aliugundua siku ya kwanza tu, alipoingizwa kwenye chumba chao chenye kuta za sponji na kuambiwa arudie kila sentensi atakayoisikia. "Kikombe kiko mezani." Akarudia. "Mvulana anapanda ngazi." Akarudia. Nyuma ya kioo vijana wenye makoti meupe wakagongeana viganja kana kwamba wamefufua maiti. Miaka yote aliyofundisha darasa la kwanza, hakuwahi kumshangilia mtu kwa sababu kikombe kiko mezani.

Msomaji wa sentensi hizo alikuwa mwanawe wa kumzaa, mkuu wa utafiti, ambaye siku hizi alizungumza kama mtangazaji wa redio, kila neno limepigwa pasi. Mama yake alimwita Profesa wa Masikio, na hakuwa anamsifu.

"Mama, hivi vifaa vya kusikia si kama vile vya zamani vinavyokuza kila takataka," alikuwa amemwambia kabla ya jaribio hilo, akimvalisha kimoja kila sikio. "Hivi vina akili. Vinajua hili ni neno, hii ni kelele. Kelele vinaitupa. Ijumaa wageni wanakuja kuviona, nawe utawaambia vimekufaa."

"Vikinifaa nitasema. Visiponifaa nitasema vilevile."

Profesa akacheka. Alidhani anataniwa.

Na kweli, vilifanya kazi, kuficha ni ujinga. Feni ilizunguka bila kunguruma, magari ya barabarani yalipita kama yamevaa soksi, na jirani wa ghorofa ya juu, aliyezoea kumsengenya ngazini akijua hasikii, sasa alisikika neno kwa neno. Mwalimu alifurahi, kisha akakasirika kwa kuwa amefurahi.

Kilichomvunja moyo ni mdogo wake. Wawili hao walikuwa wakiishi pamoja tangu walipofiwa na waume zao. Kiharusi kilikuwa kimempiga yule mdogo, mdomo ukaenda upande, na maneno yake yakawa yanatoka yamelowana na kushikana. Watu wengine walimwelewa kwa kubahatisha. Dada yake, kwa kumtegea sikio karibu, alimwelewa yote, hata matusi. Lakini wiki ile midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mwalimu alimsogelea, akamkazia macho, hakuambulia kitu. Basi, imekwisha, alijisemea. Ugonjwa umemalizia hata kile kidogo kilichobaki. Akampigia mwanawe simu huku analia.

"Pole, Mama. Kiharusi ndivyo kilivyo," alisema Profesa, kwa sauti safi kabisa.

Tangu hapo akaacha kumwuliza mdogo wake maswali. Kumwuliza mtu asiyeweza kujibu aliona ni kumsimanga. Akawa anamlisha, anamfuta mdomo, anamfunika shuka, kisha anageukia televisheni.

Alhamisi alivua vile vifaa visiingie maji, akamwinamia mdogo wake juu ya beseni amwoshe nywele. Sikio lake lilikuwa karibu kugusa mdomo wa yule mgonjwa.

"Maji yanachoma, dada."

Mwalimu nusura aangushe kopo. Alijifuta mikono, akavivaa vifaa: midomo inacheza, kimya. Akavivua, akainama.

"Yanachoma."

Mchana Profesa aliitwa, akafika na kompyuta na hedifoni. Akaviunganisha na vile vifaa, akamwomba mama yake mdogo aongee. Mama mdogo akaongea. Profesa alisikiliza, akatazama mistari kwenye skrini, na, jamani, akatabasamu.

"Viko sawa kabisa!" alipaza sauti, maana mama yake hakuwa na kitu masikioni. "Sauti yake vimeiweka kwenye kelele. Kitaalamu havijakosea, maneno yake hayajitengi."

"Havijakosea?"

"Mwanzoni, tulipovifundisha kusikia, tuliwarekodi hata watu wa namna yake, Mama. Wakawa wanatushushia matokeo, tukawaondoa. Tungefanyaje?"

Mwalimu akasonya. Alimtazama juu mpaka chini, kuanzia miwani hadi viatu vilivyong'aa. Maishani alikuwa amedharau watu wengi: wakaguzi wa shule, wauza dawa za nguvu, mume wa jirani. Wote hao sasa aliwaonea huruma, maana dharau aliyowapa ilistahili kuwekewa huyu.

"Kumbe mlijua," alisema. "Mliwasikia kwa masikio yenu, mkawafuta ili mpate kugongeana viganja. Nami nikakaa kochi moja na ndugu yangu, nikamfanya maiti. Usomi gani huu? Pumba tupu!"

"Mama, kesho wageni..."

Hakumngoja amalize. Alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akaliweka sikio lake tupu kwenye ule mdomo uliopinda.

"Sema, mdogo wangu. Sema chochote."

Ilichukua muda. Pumzi kwanza, kisha mate, kisha maneno.

"Nilidhani... umenichoka."

Mwalimu alilia kwa sauti, kamasi na vyote, bila kumwonea haya mtu yeyote. "Sijakuchoka. Wallahi sijakuchoka. Nikuchoke wewe?" Alimshika uso wenye povu lililokauka, akarudia mara nyingi, mpaka yule mdogo akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Ndipo akamgeukia mwanawe, aliyekuwa anakunja nyaya zake taratibu.

"Kesho tunakuja wote wawili. Hao wageni wako uwavalishe vidude vyako, kila mmoja. Hotuba atatoa mama yako mdogo."

"Mama! Hawatasikia kitu!"

"Ndiyo. Na hakuna kunyanyuka mpaka amalize."

Akaenda kabatini kumtafutia mdogo wake gauni la kutokea.