Nilivyopona Gazetini

Nilipona gazetini, ukurasa wa sita, chini ya tangazo la kuni kavu. "Maxine Thibodeau anawashukuru wote waliofika kwenye chakula chake cha mchango. Kwa dawa na kwa upendo wenu, sasa amepona kabisa." Maneno hayo sikuyaandika mimi. Aliyaandika mume wangu, Delmar, kwenye meza yetu ya jikoni, huku ametoa ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza, akayapeleka mwenyewe gazetini bila hata kunisomea.

Huku kwetu Maine, kaskazini mwa Marekani, mtu akipatwa na balaa tunachimba shimo, tunawasha moto humo ndani, tunafukia masufuria ya chuma yaliyojaa maharage, na Jumamosi jioni mji mzima unakuja ukumbini kula na kutia chochote kwenye ndoo mlangoni. Baada ya hapo mgonjwa anapona au anakufa. Ukipona unatoa shukrani gazetini, ukifa wenzako wanakutolea. Kubaki katikati hakuna utaratibu wake, na huko katikati ndiko nilikobaki mimi.

Kupe mwenyewe sikumwona. Niliona duara jekundu pajani, mwezi Juni mwaka jana, kisha homa, kisha shingo ikakakamaa. Daktari akasema ni Lyme, ugonjwa wa kupe wa kulungu, ambao huku nusu ya majirani wameshaupata. Nikameza vidonge wiki tatu, sikuruka hata kimoja. Nikapata nafuu kweli. Agosti wakanipikia maharage, Septemba nikapona gazetini, na Novemba maumivu yakarudi.

Yakarudi kwa jeuri. Leo magoti, kesho viganja, keshokutwa shingo. Na uchovu ambao usingizi hauuondoi, nalala kwa muda wa saa kumi, nikiamka ni kama nimeshinda napasua kuni. Halafu kichwa: nasimama mbele ya kabati na sijui nimefuata nini, namwita mbwa kwa jina la dada yangu.

Nikarudi kwa daktari. Akanipima tena, akakaa, akaniambia kwamba kwa jinsi anavyoona vijidudu vimekwisha mwilini na vidonge zaidi havitanisaidia. Alisema hali hii huwapata baadhi ya watu baada ya matibabu, kwa nini hasa hakuna anayejua, na kwa wengi huisha taratibu.

"Taratibu ni lini?" nikamwuliza.

"Miezi. Kwa wengine zaidi ya hapo."

Alikuwa mkweli, nami nikamchukia kwa ukweli wake. Angenidanganya ningepata wa kumpigia kelele. Delmar alikuwa amebaki kwenye gari akisikiliza mpira redioni. Nilipomsimulia yote, alisikia neno moja tu: huisha.

Tangu siku hiyo kila aliyemwuliza habari zangu, dukani, kanisani, kituo cha mafuta, alijibiwa vilevile: "Maxine? Mzima kama chuma!" Nami nilijikaza kisabuni pembeni yake, natabasamu, meno yanauma. Kwa nini nilikubali? Kwa sababu watu wale walikuwa wamenipikia. Kwa sababu niliona haya kuugua mara ya pili kwa ugonjwa uleule, kama mtu aliyekuja kupakua sahani nyingine kabla wenzake hawajapata ya kwanza.

Basi mwaka huu, Juni hiihii, ghala la nyasi la mzee Orrin Pratt likaungua, ikapangwa naye apikiwe maharage. Mkuu wa masufuria akatajwa: Maxine. Nani alikubali kwa niaba yangu? Delmar, bila kuniuliza, eti sasa ni zamu yangu kulipa wema. Nilimwambia mikono yangu haiwezi. Akasema, "Utaweza tu, mke wangu. Ukishafika pale utachangamka."

Jumamosi saa kumi jioni wanaume walifukua shimo, wakayatoa masufuria kwa ndoano. Harufu ilikuwa nzuri, siwezi kukataa: mafuta ya nguruwe, molasi, haradali, moshi. Mimi nilikuwa jikoni nimeegemea sinki. Wifi yangu Arlene, dada yake Delmar, alikuwa anakatakata kabichi, na Arlene akiwa na kisu mkononi na hadhira mbele yake, hakuna wa kumnyamazisha.

"Wifi, mbona unatembea kama umekalia miiba?"

"Nimechoka."

"We! Umechoka na nini? Mimi niko hapa tangu saa mbili asubuhi nakata kabichi ya mji mzima."

"Basi sote tumechoka, Arlene. Kata kabichi."

"Isije ikawa umeanza tena yale mambo yako ya kupe." Akawakonyeza wenzake. "Si ulipona wewe? Sote tulisoma! Mimi nililikata lile gazeti nikalibandika kwenye friji. Na ile dawa yangu ya majani uliinywa, au ulimwagia maua?"

"Nilimwagia maua."

"Unaona! Ndio maana. Mgonjwa mkaidi, dawa hataki. Hebu acha kudeka, wifi yangu, beba hilo bakuli, watu wana njaa."

Wanawake wakacheka. Lilikuwa bakuli kubwa la udongo, limejaa hadi ukingoni. Nililibeba. Ningeweza kusema siwezi, lakini nilikuwa na hasira, na ukiwa na hasira unadhani hasira ni nguvu. Nikatoka nalo jikoni, nikaingia ukumbini, watu kama mia wamekaa kwenye meza ndefu, uma mkononi. Nilifika katikati. Kiganja cha kulia kikaniachia, hivyohivyo, bila taarifa.

Bakuli likapasuka. Maharage yakaruka hadi kwenye viatu vya mchungaji. Mtu mmoja akapiga makofi, kama wafanyavyo walevi glasi ikivunjika, na wengine wakacheka. Sikuwachukia hao. Ningekuwa nimekaa pale huenda ningecheka na mimi.

Lakini Delmar akainuka haraka, mikono juu, uso mwekundu, anatabasamu kwa pande zote. "Ameteleza tu, jamani! Sakafu ina maji. Mke wangu mzima kabisa!"

Sakafu ilikuwa kavu.

"Sakafu ni kavu, Delmar," nikasema.

"Maxine, tafadhali."

"Njoo uiguse. Njooni wote muiguse. Kavu!" Nikasikia sauti yangu inagonga dari, na sikuijali. "Sikuteleza. Kiganja hakishiki. Goti hili haliko sawa tangu Novemba, shingo haigeuki, na wewe, bwana mwenye kofia ya kijani, nakujua miaka thelathini na sasa hivi sikumbuki jina lako. Sijapona! Nilimeza kila kidonge, nilifanya kila nilichoambiwa, na sijapona. Na kila mnaponiambia mbona unaonekana vizuri, natamani kuwarushia kitu."

"Umesharusha," akasema Arlene kutoka mlangoni, lakini sauti ilikuwa imepungua makali. Alikuja hadi ukingoni mwa maharage, anajifuta mikono kwenye aproni. "Wifi, ungesema. Si ungesema tu? Mwezi ujao tunachimba shimo lingine, tunakupikia tena, mara hii..."

"Sitaki maharage!" Nadhani hata waliokuwa nje shimoni walisikia. "Sitaki shimo, sitaki ndoo. Mkinipikia itabidi nipone, na sijui nitapona lini! Nataka kuumwa bila kuwaomba radhi. Nataka kukaa chini mahali pa watu nisiulizwe kama nadeka."

Delmar alikuwa amepiga magoti, anazoa maharage kwa viganja anayatia kwenye kipande cha bakuli. Nilimngoja aseme tena nimeteleza. Wallahi angesema, ningeondoka ukumbini na nyumbani kwake siku hiyohiyo, kwa miguu hii hii.

"Hajapona," akasema, akiiambia sakafu.

"Sema wasikie," nikamwambia.

Akainua uso. "Hajapona. Kila asubuhi namfunga vifungo vya shati mimi. Na soksi namvalisha mimi. Maneno yale ya gazetini niliyaandika mimi. Nilidhani nikishayaandika..." Akarudi kwenye maharage yake.

Watu wakanionea huruma, na wengine wakamwonea huruma yeye, nikaona nyuso zinavyolainika kumtazama yule mume mwema wa vifungo. Mimi hasira ilinipanda upya. Miezi saba! Miezi saba vidole vyake vilijua, asubuhi kwa asubuhi, kifungo kwa kifungo, kisha anatoka nje ananikana mbele za watu. Nilimpenda na nilitaka kumpiga mwiko wa kichwa, vyote kwa pamoja. Sikumsamehe jioni ile, na wala sikujisingizia kwamba nimemsamehe.

Mzee Orrin, mwenye chakula chake, mtu ambaye ghala lake lilikuwa jivu, aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha mbele. Akakivuta nje, akakigeuza upande wangu. Nikakaa. Arlene akaenda kuleta ufagio, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwao alifagia bila kusema kitu.

Orrin akajibanza kwenye benchi jirani yangu. "Unajisikiaje, Maxine?" akauliza.

Mdomo wangu, kwa mazoea, ulishafunguka kusema mzima.

"Vibaya," nikasema.

"Vibaya vipi?"

Sahani zilikuwa zinapita, watu wameanza kula na kuongea tena. Yeye alikuwa ameweka uma chini, ananingoja, nami nikaanza kumweleza, tangu Novemba.