Mitondo ya Nyuma ya Nyumba

Baba yangu, Kapya, alichoma matofali maisha yake yote. Alichimba udongo wa kichuguu, akafyatua, kisha akawasha tanuru lililokula miti usiku na mchana. Kwa hiyo mimi na mume wangu Numbi tulipopata kiwanja pembeni mwa mtaa wa Bel-Air, miaka ile ya Zaire, hatukuhitaji kumwomba. Alikuja mwenyewe na shoka.

Nyuma ya kiwanja kulibaki kipande cha msitu, mitondo mikubwa, ambako marehemu mama alinipeleka kuokota vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, kila mvua zilipoanza. Nilipomwona baba anachanja alama kwenye gome la kwanza, nilisimama mbele ya mti.

"Papa, hii miti hapana."

"Wivine, tofali haiive na jua."

Numbi, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akamwambia mkwewe kwa heshima, macho chini: "Bukwe, tutajaribu bloki za mwepesi. Muchanga, simenti kidogo, na unga wa mbao. Kule kazini iko mulima muzima, banauchoma bure."

"Na simenti?" baba akauliza. "Hiyo banaipika na nini? Na maua?"

Nilijua tu kwamba moshi wa simenti ulipanda mahali pengine, juu ya miti ya watu wengine. Baba akaokota shoka lake, akaenda zake bila kunywa chai.

Bloki za kwanza zilimomonyoka kama mkate mkavu. Ndipo tukajifunza kuloweka ule unga wa mbao katika maji ya chokaa, na zilizofuata zikashika. Nilikuwa na mimba, na bado niliweza kuzibeba. Kuta zilipanda huku tukicheka.

Baba alirudi wakati wa baridi, mwezi wa saba. Akagonga ukuta kwa vidole.

"Njo biskuti hii," akasema, yaani hiyo ndiyo biskuti, si ukuta.

Lakini aliingia. Ndani mlikuwa na joto bila mbabula, lile jiko la makaa, maana unga wa mbao ulizuia baridi. Akavua koti, akakaa, akasinzia palepale kitini, mdomo wazi. Alipoamka akauliza kama chumba cha pili kina mtu.

Aliishi nasi hadi alipofariki. Hakuwasha tena tanuru. Asubuhi alitembea kati ya mitondo, mikono mgongoni, akimtajia binti yetu Agnès jina la kila ndege.

Baadaye mji ulitufikia, na wachoma makaa wakaumaliza ule msitu. Nyumba ingalipo, na majirani wapya hawajui kama palikuwa na kivuli. Mimi, nikifungua dirisha la jikoni, namsikia bado baba akienda mbali kidogo kidogo, na mtoto akimkimbilia nyuma babu yake, kambo wake: "Na ile, kambo? Na ile?"