Kitambaa cha Sufu

Baba yake Magdalena alifariki binti akiwa ofisini, anapiga chapa barua za wanunuzi wa kahawa. Jambo hilo halikumtoka rohoni. Mwaka 2004, madaktari walipomrudisha mama yake nyumbani, mtaa wa Sakina, na kusema hakuna la kufanya tena, Magdalena aliapa kwamba safari hii atakuwepo, amemshika mkono.

Lakini mshahara ndio ulioleta dawa za maumivu. Bosi wake, Mzee Ndesanjo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, na hao wana namna yao ya wema. "Ukiweza kufanyia kazi nyumbani, fanya," alimwambia. "Barua zitoke Jumatatu saa tatu. Ikishindikana, uje."

Ijumaa, fundi Simel aliiandaa kompyuta ya ofisini ipokee simu kutoka kompyuta nyingine. Magdalena angeipigia kwa kompyuta ya mtumba aliyoiweka kando ya kitanda cha mama, na kila kilichokuwamo ofisini angekiona palepale na kukiandikia. Walipojaribu, picha ilijikokota, lakini ilifika. Magdalena alilia mbele ya fundi wala hakuona haya.

"Sharti moja tu, dada," Simel alisema. "Isizimwe mpaka Jumatatu."

Jioni, ofisini, Magdalena hakuizima. Alifunga madirisha, akavuta mapazia, kisha mikono yake ikafanya ilichofanya kila jioni kwa miaka sita: ikatandaza juu ya kompyuta kitambaa kizito cha sufu, alichofumiwa na mama siku alipoajiriwa. Kilifunika kioo na boksi lake mpaka mezani. Nani huku kwetu huacha kompyuta uchi, iliwe na vumbi? Mazoea yana taabu.

Jumatatu saa moja na nusu alipiga. Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Alipiga mara tisa. Mama alikuwa amesinzia. Magdalena akauchomoa mkono wake polepole, akamwita jirani, Fransiska, amkalie, akakimbilia mjini.

Ofisini kulinuka plastiki iliyoungua. Alipokifunua kitambaa, alikikuta kimebabuka pale kilipoziba matundu ya hewa, na kompyuta imekufa. Alijua papo hapo kosa ni la nani. Mzee Ndesanjo alitazama kitambaa, akatazama saa yake.

"Pole, mama. Tumia ya kwangu. Ni barua nne tu."

Magdalena akakaa, akaziandika zote nne.

Aliporudi Sakina, Fransiska alikuwa mlangoni, khanga ameifunga kiunoni. Magdalena hakuhitaji kuambiwa kwamba mama hayupo tena.

"Aliamka akakuuliza," Fransiska alisema. "Macho yalikuwa hayaoni tena, Magda. Nikamwambia mashine imekubali, uko hapo kando yake unaandika. Nisamehe, sikujua la kusema."

"Akasemaje?"

"Alikuwa ameshanyoosha mkono kukutafuta. Akasema, 'Basi, mimi nisimsumbue.' Akaurudisha."