Jibu la Octave

Hervé alipokwenda kituo cha afya cha Kasongo kuchukua vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari kabla ya safari ya kwenda machimbo ya dhahabu ya Salamabila, wazazi wake walimsindikiza. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, ila alikuwa mtoto wao wa pekee.

Muuguzi Régina aliweka kalamu chini. "Mu jamaa yenu kuko mutu mwenye alikufa gafula na ugonjwa ya moyo, angali kijana? Sukari ikikutana na damu ya vile, hatari inazidi. Kama iko, asiende kuchimba zahabu. Tumutume kwanza Kindu, wamupime moyo."

"Kwetu watu wanakufa na uzee, mama," Octave, baba yake, akajibu.

Marguerite, mama yake, akatazama sakafu. Alimkumbuka Yakubu, mchuuzi wa samaki wa Nyangwe, aliyeanguka na kufa sokoni akiwa na miaka arobaini, mkono kifuani, kama kaka yake kabla yake. Mimba ya Hervé ilikuwa ya Yakubu, mwaka Octave alipokuwa kazini Kalemie. Octave alirudi, mtoto akazaliwa, hakuuliza kitu, naye Marguerite akajiambia kuwa wanaume hawajui kuhesabu miezi. Kitanda hakizai haramu, wahenga walisema, na msemo huo ulimsitiri miaka yote. Sasa lilitakiwa neno moja tu. Akalimeza.

Hervé akaenda. Mwezi wa tatu tangu aondoke, pikipiki ilimrudisha amefungwa kwenye shuka. Wachimbaji wenzake walisema alishika kifua, akakaa chini, basi.

Matanga yalipokwisha, Marguerite hakuweza tena kuvumilia. Alipiga magoti mbele ya mumewe.

"Baba Hervé, ile siku kwa muuguzi ningesema. Hervé hakukuwa damu yako. Alikuwa wa Yakubu."

"Ninajua," Octave akasema. "Tangu alizaliwa."

"Na vile Yakubu alikufa, ulijua pia?"

"Nani hakujua? Lakini kama ningesema pale, mutoto angejua mambo ya mama yake. Nilikukinga na aibu."

Alisema polepole, bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Marguerite. Afadhali angempiga. Octave alimshika mkono, akamwinua, wakalia pamoja, kila mmoja akijua kwamba neno lake peke yake lingetosha.