Mkalimani Sebuleni Kwangu

Binti yangu mkubwa, Lorine, ni mkalimani wa lugha ya ishara kortini. Mdogo wake, Everline, hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili. Mimi mama yao nilijua ishara chache tu za nyumbani: kula, lala, njoo. Mengine yote nilimwachia Lorine, na sikuona haya.

Jumamosi ile wageni walikuwa wanakuja kwangu Komarock kumposa Everline. Kijana mwenyewe, Wekulo, alikuwa ameletwa na shemeji yangu Opicho, nami nilimtaka kwa moyo wote. Nilikuwa nikijiuliza kila siku: nikifa leo, mtoto huyu nitamwachia nani? Lakini kwetu msichana huitwa mbele ya watu, aulizwe mwenyewe kama wageni wapokewe, na Everline wiki nzima alikuwa amenuna. Basi asubuhi nikamvuta Lorine jikoni.

“Akisema lolote, wewe sema amekubali, maneno iishe. Nani atajua?”

“Mama, hiyo siwezi. Nikisimama katikati ya watu nasema chenye wamesema. Siongezi, sipunguzi. Hiyo ndiyo sheria yetu.”

“Sheria ya kortini! Hapa ni kwangu.”

“Siivui nikitoka kortini, Mama. Kama hutaki, tafuta mtu mwingine.”

Mtu mwingine ningemtoa wapi? Nikasonya, nikaendelea kusukuma chapati. Nilijiambia kwamba mbele ya watu atalegea tu, maana damu ni nzito kuliko maji.

Saa nane sebule ilikuwa imejaa. Opicho akakohoa kidogo, akauliza, “Everline binti yetu, hawa wageni unawajua? Tuwapokee?”

Lorine akamwonyesha kwa mikono. Everline akajibu polepole, uso umetulia, na katika chumba kizima hakuna aliyeelewa ila dada yake. Neno moja tu la Lorine lingemaliza shughuli yetu vizuri. Nilimkazia macho.

“Nawaheshimu sana,” Lorine akasema kwa sauti wazi, “lakini huyu kijana mimi simjui. Hakuna mtu ameniuliza mpaka leo. Jibu langu ni hapana.”

“Kwani wewe Lorine nani amekuuliza?” Opicho akafoka. Hakujua kwamba mkalimani husema “mimi” kwa niaba ya mwenye maneno. Lorine hakujitetea. Alimgeukia mdogo wake akamwonyesha hata kule kufoka.

Hasira zikanipanda. “Mjinga wewe! Mwambie akubali! Nikifa nani atamtunza huyu asiyesikia?”

Akayafasiri hayo pia, yote. Alilionyesha lile tusi nililomtukana yeye mwenyewe, machozi yakimtiririka, mikono isiruke hata neno. Nimekwenda kanisani miaka arobaini, na sijawahi kuona mtu akiuheshimu ukweli namna ile, mahali ambapo hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumkamata akidanganya. Mtoto niliyemzaa mimi! Nilimwogopa, nikamwonea fahari.

Everline hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi, akaonyesha kwa mikono. “Nina cherehani, Mama,” sauti ya Lorine ikasema. “Nina wateja mpaka Majengo. Najitunza. Ungeniuliza, ningekuambia.”

Baba yake Wekulo, mzee Nabiswa, akavua kofia. “Tumesikia,” akasema. “Nimeenda posa nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza niko na hakika msichana amejibu mwenyewe.” Akaomba chapati nyingine, wakala, wakaaga kwa heshima.

Wa mwisho alipotoka, nikamshika Lorine bega. “Mwambie mdogo wako kwamba mimi...”

Akaweka mikono nyuma. “Kazi imeisha, Mama. Mwangalie yeye. Mwambie mwenyewe.”

Nikageuka. Everline alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri, na ishara ya kuomba msamaha sikuijua. Miaka ishirini na sita, sikuijua. Nikainua mkono, nikatumia ile niliyokuwa nayo: njoo.

Akaja. Akavishika vidole vyangu, akaanza kunifundisha ile niliyokosa.